Machungwa Hatusomi

Beryl Ashworth alikuwa na kasoro moja kubwa: aliamini kila alichoambiwa na mtu aliyevaa tai. Nimekaa naye ukuta kwa ukuta miaka ishirini na sita, na jikoni pa shule tumefanya kazi pamoja miaka kumi na mitatu, kwa hiyo asije mtu akaniambia namsengenya. Akisema daktari mwenye tai, Beryl anaitikia. Akisema mtu wa bima mwenye tai, Beryl anaitikia. Hata yule kijana wa kuuza madirisha, aliyekuja mlangoni na tai yenye picha za bata, alikaribishwa ndani akapewa chai na keki, akaondoka na sahihi ya Beryl.

Ugonjwa huo aliupata mwaka wa 1957. Watoto wa rika letu hapa kwenye mji wetu mdogo wa Waterfoot tulifanyishwa ule mtihani wa miaka kumi na moja, asubuhi moja tu, na kufika saa sita mchana maisha yako yameshakatwa na kushonwa. Ukifaulu, unakwenda shule ya wenye akili, koti lenye nembo na masomo ya Kilatini. Ukianguka, unakwenda ile nyingine, ambako wavulana walichonga vibao vya kukatia mkate na wasichana walipika keki. Matokeo aliyaleta tarishi. Bahasha nene maana yake umefaulu, kwa sababu ndani mna fomu za sare na orodha ya vitabu. Bahasha nyembamba umeanguka, na aliyeanguka hana cha kuelezwa. Asubuhi hiyo mtaa mzima ulikuwa nyuma ya mapazia, unachungulia tarishi kashika ipi.

Desturi ya hapa ilikuwa mtoto akifaulu ananunuliwa baiskeli. Baba yake Beryl, mzee wa watu, alikuwa na imani kubwa na binti yake hata akaichukua baiskeli mapema na kuificha bandani chini ya turubai. Ikaja bahasha nyembamba. Jumamosi yake tukamwona yule mzee akiisukuma baiskeli mtaa mzima kuirudisha dukani. Hakuipanda, aliisukuma, macho chini, na Beryl alikuwa dirishani anamtazama.

Mimi pia nilipata nyembamba, lakini mimi nilishukuru, maana Kilatini ningemsemesha nani hapa? Beryl hakushukuru. Aliimeza ikakaa humo tumboni. Mwalimu mkuu wa shule ile ya keki alimpapasa kichwa akamwambia, "Usijali, mwanangu, wewe una mikono mizuri." Na kwa mikono hiyo mizuri akaingia kiwanda cha ndara akiwa na miaka kumi na mitano, akashona miaka thelathini na mmoja, mpaka kiwanda kikafungwa na sote tukaambiwa asanteni kwaherini.

Lakini nikwambie, kiwandani humo hapakuwa na mtu wa kumfikia. Aliangalia kipande cha ngozi mara moja tu akakwambia kitatoa jozi ngapi, na ukipima unakuta ni hizo hizo. Mashine ikigoma, fundi anaitwa, na kabla fundi hajafika Beryl keshaifungua na kuifunga. Ukimsifu anakunja uso. "Usiniulize mimi, Hilda, mimi mjinga." Kila siku, kwa kila jambo, mimi mjinga. Nilikuwa natamani kumpiga kwa mwiko.

Haya. Sasa nimlete Bwana Adrian Thistlewood, mwalimu mkuu wetu wa Shule ya Msingi ya Hollin Clough. Alikuwa mtu mwema, sikatai. Hakuwahi kumfokea mtoto wala mpishi. Tatizo lake lilikuwa semina. Wenzake wana pombe, wenzake wana farasi wa mashindano, yeye semina. Alikuwa akienda hoteli moja mjini Harrogate kwa siku mbili, anarudi na faili la plastiki na macho yanayong'aa, na sisi tuliobaki tunajua tumekwisha.

Mwaka mmoja alirudi na habari kwamba ubongo wa mtoto unakauka. Kila mtoto akapewa chupa ya maji, anywe funda moja kila baada ya dakika chache ili akili ilainike. Wiki mbili shule nzima ilikuwa chooni. Mwaka uliofuata akaja na vitufe. Eti binadamu ana vitufe viwili vya ubongo hapa chini ya mfupa wa shingo, ukivisugua akili inawaka. Ungepita madarasani asubuhi ungekuta watoto thelathini wamesimama wanajikuna kifua, na mwalimu naye anajikuna, nyuso zao makini kama wako kanisani.

Halafu, vuli ya mwaka 2004, akaja na akili nane.

Alituita sote ukumbini, walimu, wapishi, wafagiaji, akasimama mbele ya picha ya gurudumu lenye rangi nane. "Wenzangu," akasema, "tumekuwa tukikosea miaka yote. Hakuna akili moja. Ziko nane!" Kuna akili ya maneno, akatuambia, na ya hesabu, ya picha, ya muziki, ya mwili, ya kuelewana na watu, ya kujijua nafsi, na ya mimea na wanyama. Kila mtoto anayo yake, na kila mtoto afundishwe kwa mlango wake. Hapo mimi sikuwa na neno. Nani asiyejua kwamba watu hutofautiana? Mume wangu hawezi kuchemsha yai lakini kinanda anakichapa ukalia. Baadaye nilisikia kwamba hata yule profesa wa Marekani aliyeanzisha maneno haya hakupata kusema watoto wabandikwe rangi. Lakini Harrogate si Marekani, na faili la plastiki lilikuwa na ukurasa wa beji.

Ndiyo, beji. Maneno bluu, hesabu nyekundu, picha kijani, muziki njano, mwili rangi ya chungwa, na kuendelea. Na mtoto alijulikana ni wa rangi gani kwa maswali ishirini ya kuweka alama ya vyema. Je, unapenda kurukaruka? Je, unapenda kusoma vitabu? Je, ukikaa sana unachoka? Sasa wewe mwulize mtoto wa miaka tisa kama anapenda kurukaruka, uone atakujibu nini. Na asiyejua kusoma, ambaye hata hayo maswali alisomewa, mwulize kama anapenda kusoma vitabu. Wasiojua wote wakajibu hawapendi, wote wakawa Machungwa. Semina ikawa imethibitika.

Kipindi cha kusoma kikapangwa upya. Bluu walikaa na vitabu. Njano waliimba hadithi. Machungwa walitolewa uani, herufi zimechorwa chini kwa chaki, wakawa wanaruka kutoka herufi hadi herufi. Mvua ikinyesha, na hapa mvua hainyeshi mara mbili, hunyesha mara moja tu kuanzia Septemba hadi Mei, walifinyanga herufi kwa udongo. Nilimwona mtoto mmoja akifinyanga neno "paka". Alianza Jumatatu akamaliza Alhamisi. Paka alitoka na mkia mzuri sana.

Na watoto je, walidanganyika? Thubutu! Wiki ya kwanza tu, kwenye foleni ya chakula, nilisikia kitoto cha bluu kikikiambia cha chungwa, "Pisha hapo, Chungwa, wewe huna akili." Na kile cha chungwa kikapisha. Walimu wanasema rangi zote sawa, na pale pale nasi jikoni tunaona nani anampisha nani mbele ya sinia la viazi.

Mjukuu wake Beryl, Keeley, alikuwa Chungwa. Mama yake, Lorraine, ni muuguzi Manchester, zamu za ajabu ajabu, kwa hiyo mtoto alikuwa akilala kwa bibi yake siku nyingi kuliko kwa mama. Katoto keupe, mashavu ya madoadoa, mdomo hauna breki. Kanakusimulia sinema nzima kuanzia mwanzo bila kuruka mtu. Lakini kusoma, hakajui. Miaka tisa, na hajui kusoma ubao wa duka.

Novemba wazazi waliitwa. Kila mmoja dakika kumi, umekalishwa kwenye kiti cha mtoto, magoti yamegusa kidevu. Beryl alivaa koti lake la mazishi akaenda. Nilikuwa nimeshaweka birika aliporudi, kapendeza, uso umemwaka.

"Shoga, Keeley ni hazina!" akaniambia. "Kasema Bwana Thistlewood mwenyewe. Ana akili ya mwili, tena alama tisa kwa kumi. Anasema hajawahi kuona mfano wake."

"Sawa. Kusoma je?"

"Anasoma kwa mwili wake."

"Kwa sehemu ipi?"

"Hilda, usianze."

"Nauliza tu. Ulimwuliza kama anajua kusoma?"

"Sikuuliza. Mtu amesoma chuo kikuu, nimwulize mimi?" Akaanza kukunja karatasi ya rangi ya chungwa aliyopewa, taratibu, pembe kwa pembe. "Kasema hakuna mtoto mjinga katika shule hii. Mimi hakuna aliyewahi kuniambia hivyo."

Nilikunywa chai yangu ikaniunguza.

Msimu wa baridi ukapita hivyo, Keeley anaruka, Keeley anafinyanga. Aprili ikaja barua. Kuanzia Septemba, ilisema, wanafunzi wenye akili ya mwili hawatakuwa na kipindi cha kusoma tena. Muda huo watakuwa Karakana, yaani lile banda la zamani la makaa ya mawe lililopakwa chokaa, wakijenga na kuunda. Mzazi anayetaka mtoto wake abadilishwe rangi aandike barua, na mtoto atasoma ukurasa mmoja wa kitabu cha darasa lake mbele ya mwalimu mkuu, wiki ya mwisho ya Julai. Asipoweza, anabaki alipo.

Beryl aliisoma polepole mezani kwake, mimi nimekaa upande wa pili, Keeley chini na paka wa kweli. Naona alitaka kufanya mzaha tu, akamsogezea mtoto ile karatasi. "Njoo, mwanangu, msomee Bibi. Hili neno la kwanza linasemaje?"

Keeley hata hakuinua kichwa. "Bibi, mimi Chungwa," akasema. "Machungwa hatusomi."

Hakulisema kwa huzuni, na hilo ndilo lililoniuma. Alilisema kama mtu anayekwambia sisi nyumbani hatuli kabichi. Kisha akaendelea kumkuna paka shingoni.

Beryl alibadilika rangi. Akaivuta ile barua kutoka mbele ya mtoto. Kisha akasema kwa sauti ya chini, mtoto asisikie, "Hilda, hii ni bahasha nyembamba. Wameipaka rangi tu."

"Sasa ndiyo unaona?"

"Mimi walinipapasa kichwa. Huyu wamempa beji." Akafuta macho kwa nguo ya vyombo. "Angalau mimi nilijua nimeanguka. Huyu hata hajui!"

"Basi mfundishe."

"Nani, mimi?"

"Hapana, paka."

"Mimi mjinga, Hilda, nitamfundisha nini?"

Hapo nilipandwa na mori, sitaki kudanganya. Nikapiga meza, vikombe vikaruka. "Ebo! Miaka arobaini na nane unaniimbia wimbo huo huo! Nani alikufundisha kushona ndara?"

"Bi. Haworth, msimamizi wetu."

"Alikuuliza una akili ya rangi gani?"

Akanitazama kana kwamba nimepagawa. "Bi. Haworth? Hata jina hakuniuliza wiki ya kwanza."

"Alifanyaje?"

"Alinionyesha mshono. Nikashona. Akautazama, akaufumua. Nikashona tena." Akafikiri kidogo. "Mwezi mzima kwenye vipande vya takataka, hata ndara yenyewe sijaigusa. Halafu siku moja hakuufumua."

"Na wangapi walishindwa kujifunza?"

"Hakuna. Hata Peggy Tattersall alijifunza, na Peggy alikuwa akisahau kuvua kofia akiingia kuoga."

Nikamwachia hilo alitafune mwenyewe. Kesho yake alikwenda duka la hisani, lile la vitu vya mitumba, akarudi na kitabu cha kuanzia kusoma, cha zamani, kimetafunwa pembe na mtoto wa mtu mwingine, na akaandika barua kwa Bwana Thistlewood. Aliiandika mara tano. Mimi nilikuwa nikiitwa kuipitia, nami niliipitia mara tano.

Wakaanza. Kila siku saa kumi na nusu, baada ya mkate na siagi, nusu saa. Hapakuwa na nyimbo wala udongo. Herufi hii inalia hivi, sema. Hii inalia hivi, sema. Ziunganishe. Akikosea, Beryl hasemi "umejaribu vizuri". Anasema, "Siyo. Tazama tena." Nilikuwa nasikia kupitia ukutani: siyo, tazama tena, siyo, tazama tena, ndiyo. Ile ndiyo ilikuwa haba, na kwa hiyo mtoto aliitafuta.

Sasa usidhani yalikuwa maji na asali. Wiki ya kwanza Keeley alilia. Ya pili alijitupa chini. Ya tatu akagundua silaha nzito, akasimama juu ya kiti na kutangaza, "Mwalimu Mkuu kasema nikikaa sana akili yangu inalala! Lazima niruke!"

"Ruka," Beryl akamwambia. "Ruka mpaka uchoke. Kisha ukae usome mstari huu."

Akaruka. Aliruka robo saa nzima, vyungu vinatetemeka kwangu, akachoka, akakaa, akasoma mstari. "Mbwa alikimbia kilimani." Maneno matatu, yalimchukua muda wa kumenya viazi viwili, nilikuwa namenya ndiyo maana najua. Halafu nikasikia kilio, na safari hii hakikuwa cha mtoto.

Mwezi wa Mei Beryl alitaka kuacha. Alikuja kwangu akakaa bila kuvua koti. Huko shuleni Keeley alikuwa ameambiwa asipokee mafunzo "yasiyolingana na akili yake", kwa sababu yanaweza kumvunja moyo. Bwana Thistlewood alikuwa amemwita Beryl kando ya friji la jikoni akamshauri kwa upole, na kwa upole hata mimi ningechanganyikiwa.

"Labda yeye anajua, Hilda. Labda namtesa mtoto bure."

"Jana kasoma nini?"

"Ukurasa nusu."

"Mwezi uliopita?"

Akajifunga vifungo vya koti, ambavyo hata hakuwa amevifungua, akarudi kwake. Saa kumi na nusu nikasikia: siyo, tazama tena.

Julai ikafika, wiki ya mwisho. Beryl aliniomba nimsindikize. Tulivua aproni, tukanawa mikono harufu ya kastadi, tukamchukua Keeley darasani, tukaingia ofisini. Bwana Thistlewood alikuwa na gurudumu lake la rangi ukutani na viti vya watu wazima, nikashukuru. Kitabu kilikuwa mezani, na pembeni yake faili lenye jina la mtoto.

"Keeley," akasema, "usiogope. Huu si mtihani."

Wee! Kama si mtihani tumevulia nini aproni? Lakini nilikuwa nimemwahidi Beryl sitaingilia.

Keeley akafungua ukurasa alioonyeshwa. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Habari ilikuwa ya mvulana na mashua iliyopasuka. Alisoma polepole, kidole kinasogea, mdomo unatafuta. Alikwama mara ya kwanza, akajitoa. Alikwama mara ya pili, akamtazama bibi yake, na bibi yake akatazama dirishani kwa makusudi. Akajitoa. Alifika chini ya ukurasa. Kisha akasema, "Nimemaliza," kana kwamba hatukuona.

Nilitaka kupiga vigelegele pale pale. Beryl alikuwa amekamata mkoba wake kwa mikono yote miwili.

"Ajabu!" akasema Bwana Thistlewood, na uso wake ulikuwa na furaha ya kweli, ndiyo maana siwezi kumchukia vizuri. "Bi. Ashworth, umeona kidole?"

"Kidole gani?"

"Alivyokuwa akifuata maneno kwa kidole! Anagusa kila neno. Anasoma kwa mguso. Sijapata kuona mfano safi kama huu wa akili ya mwili." Akaandika kitu. "Yale mazoezi ya uani yamezaa matunda. Sasa hebu fikiria, mtoto huyu akiingia Karakana Septemba atafika wapi!"

Jamani! Nilisahau ahadi yangu. "Mwalimu," nikasema, "amesoma. Masharti yenu yalikuwa asome, naye amesoma."

"Bila shaka, Hilda, bila shaka. Lakini kwa njia ya Chungwa. Kumbadilisha rangi kungekuwa kumnyima kile kilichomsaidia."

Sasa mtu kama huyo utamshikia wapi? Asiposoma ni Chungwa, akisoma ni Chungwa zaidi. Angeruka dirishani akafa, angezikwa Chungwa. Nilimgeukia Beryl, nikaona kile nilichokuwa nakiogopa: kichwa kinaanza kuitikia. Kidogo tu, kwa mazoea. Miaka arobaini na nane ya kuitikia haiondoki kwa msimu mmoja wa mbwa kukimbia kilimani.

Bwana Thistlewood akatoa karatasi kwenye faili, akaigeuza ielekee upande wetu, akaisukuma juu ya meza pamoja na kalamu. "Ni ya kukubali Karakana tu. Sahihi hapa chini."

Beryl akaanza kutafuta miwani mkobani. Akatoa leso, akatoa funguo, akatoa peremende, miwani haimo. Alikuwa ameiacha jikoni. "Sioni maandishi madogo," akasema, akashika kalamu hivyo hivyo, na mimi nikawaza basi, tumekwisha.

Keeley alikuwa amesimama kati yetu, mikono nyuma, hana kazi. Nadhani alichoka kungoja, kwa sababu aliinama juu ya ile karatasi kana kwamba ni kitabu kingine alicholetewa.

"Nitakusomea, Bibi," akasema. Na akasoma, bila kidole, maana mikono ilikuwa bado nyuma. "Jina. Keeley Ashworth. Umri. Tisa. Aina ya akili. Mwili." Akavuta pumzi. "Kusoma. Ma-e-nde-le-o... maendeleo... ha-ya... ha-ya-ta-ra... hayatarajiwi."

Akanyanyua kichwa, kafurahi, maana neno lilikuwa refu na amelipata lote.

Bwana Thistlewood alinyoosha mkono kuichukua karatasi, kisha akaona amechelewa, akaurudisha mkono. Shingo yake ilianza kuwa nyekundu kutoka kwenye kola kwenda juu. "Hiyo ni lugha ya fomu tu," akasema. "Iliandikwa Aprili. Ni namna ya..."

Beryl akaiweka kalamu chini.

"Bibi," akasema Keeley, "hayatarajiwi ndiyo nini?"

Nilimwona Beryl akifungua mdomo kumjibu, na ninajua angemwambia kitu cha kumfunika mtoto, maana anampenda. Akaufunga. Akamshika Keeley mabega, akamgeuza taratibu mpaka akaelekea ile meza kubwa.

"Mwulize Mwalimu Mkuu, mwanangu," akasema, sauti haitetemeki hata kidogo. "Yeye ndiye aliyeandika."

Keeley akamtazama Bwana Thistlewood usoni, akangoja ajibiwe.